Nitamsaili vipi programa wakati mimi mwenyewe sijui kuprogramu?

Mhasibu wa Uyole (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kwa wale mlio kwenye mambo ya mifumo, maana hapa ofisini kila mtu ana ushauri na hakuna aliyewahi kuandika hata mstari mmoja.

Mimi ni mhasibu kwenye SACCOS moja huku Mbeya. Tuna wanachama karibu elfu mbili, wengi walimu na wafanyabiashara wa sokoni. Mfumo wetu wa mikopo alitutengenezea kijana mmoja ambaye sasa kapata kazi Dodoma na hapatikani kirahisi. Bodi imepitisha tuajiri programa wa kudumu auchukue mfumo ule, auunganishe na malipo ya simu, na ripoti za mwisho wa mwezi zitoke bila mimi kukesha na Excel.

Shida iko kwenye usaili. Mwaka jana tulimchukua mmoja kwa mkataba wa miezi sita. Siku ya usaili alikuwa moto: cheti safi, suti, Kiingereza kinateleza, anataja lugha za kompyuta bila kupumua. Mwenyekiti wa bodi alitoka pale anasema tumepata mtu. Kazini sasa. Wiki ya kwanza anausoma mfumo, wiki ya tatu bado anausoma, mwezi wa pili anatuambia mfumo ni mbovu, dawa ni kuuandika upya kuanzia sifuri. Katikati ya hapo akaja mwanachama mmoja, mwalimu, ana karatasi aliyopiga hesabu kwa mkono. Deni lake kwenye mfumo limezidi. Nikamwita kijana, akaangalia skrini, akasema, "Mama, kompyuta haikosei." Mkataba ulipoisha hatukuuongeza.

Safari hii bodi imenipa mimi kazi ya kuandaa maswali. Nimetafuta mtandaoni nikakuta maorodha ya maswali mia moja na majibu yake. Kama mimi nimeyaona, na yeye ameyaona. Na hata nikiuliza, akinijibu uongo kwa kujiamini nitajuaje?

Maombi yameshapita arobaini. Nifanyeje?

---

Kijana wa Sinza

Dada mbona rahisi. Kuna tovuti kama HackerRank, unawapa wote mtihani wa algorithimu, yaani hatua za kompyuta kutatua tatizo, mashine inasahihisha yenyewe, unachukua watatu wa juu. Makampuni makubwa ndivyo yanavyofanya. Ukitaka kwa mkono wape FizzBuzz: programu iandike namba 1 mpaka 100, inayogawanyika kwa 3 iandike Fizz, kwa 5 iandike Buzz, kwa zote mbili FizzBuzz. Asiyeweza, kwaheri.

---

Mzee wa Seva

Mleta mada, pole na hongera. Pole kwa huyo wa mwaka jana, hongera kwa kuwa na mwanachama anayepiga hesabu zake mwenyewe. Ningekuwa mimi, huyo mwalimu ningemweka kwenye jopo.

Mdogo wangu wa Sinza hajakosea kote. FizzBuzz ilipoanza kusambaa mwaka 2007, Imran Ghory aliyeileta aliichukua kwenye mchezo wa watoto wa kuhesabu, na lengo lake lilikuwa dogo tu: kuwaondoa mapema wanaojiita programa na hawawezi kuandika mistari kumi. Kwa hilo ilifaa. Leo kila mtu kaikariri, na ChatGPT inaiandika kabla hujamaliza kuuliza. Hiyo mitihani ya algorithimu nayo inakupa mtu aliyefanya mazoezi ya mitihani ya algorithimu. Mwaka 2015 Max Howell, mwanzilishi wa Homebrew, ambayo watu wa Mac wanaitumia kusakinisha programu nyingine, alilalamika Twitter kwamba Google wamemkataa kwa kushindwa kupindua mti wa binari ubaoni (fumbo la kupanga data), wakati wahandisi wao wenyewe wanatumia kazi yake. Na miaka miwili kabla ya hapo Laszlo Bock, aliyekuwa anasimamia masuala ya wafanyakazi hukohuko Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo ya kwenye usaili ni kupoteza muda. SACCOS ya Mbeya haina mti wa kupindua. Ina riba.

Mimi niko kwenye mifumo ya malipo hapa Dar na kusaili watu ni sehemu ya mkate wangu. Nitakujibu lile swali lako zito: utajuaje akikudanganya. Muulize mambo ya kazi yako wewe, yale ambayo jibu lake unalo kwenye daftari. Mwambie hivi: mwanachama kakopa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi, nipigie jumla ya riba. Halafu nyamaza.

Wapo watakaokamata kikokotoo papo hapo. 18,000 mara 12, 216,000, nimemaliza. Atakuwepo mmoja, ukibahatika wawili, atakayekuuliza kwanza: "Riba mnapiga kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye salio linalopungua?" Wewe unaijua tofauti yake kuliko mimi. Kwa salio linalopungua, kama anarejesha 100,000 ya mtaji kila mwezi, riba yote inakuwa 117,000. Hapo kuna 99,000 ya mwalimu wa watu imening'inia kwenye swali moja. Andika jina la aliyeuliza. Akiendelea kuuliza (akichelewa je, akilipa deni lote mwezi wa tano je, zile senti zinazobaki kwenye kugawanya mnaziweka wapi) piga mstari chini ya jina lake. Hajagusa kibodi na tayari unamfahamu.

Swali la pili ni la malipo ya simu, kwa kuwa umesema ndiyo kazi inayomsubiri. Mwanachama kalipa 50,000. Mtandao wa simu umetuma taarifa ya malipo kwenye mfumo wetu, kisha ukaituma tena ileile kwa sababu mara ya kwanza haukupata jibu. Mfumo utafanya nini? Hili si la kutunga, linatokea, hasa intaneti ikiyumba. Asiyewahi kugusa malipo atakwambia haiwezekani. Aliyewahi atakwambia kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, ile inayokuja hata kwenye SMS ya mteja, kwa hiyo hifadhidata ikatae kuiandika mara ya pili, na mtandao ujibiwe kwamba tumepokea ili uache kutuma. Atakavyolisema ni juu yake, ila namba ya muamala lazima aitaje. Usipoisikia, jua huyo ataandika laki mahali pa hamsini, na mwanachama aliyeandikiwa laki haji kulalamika.

Kwa maswali hayo mawili arobaini wako watapungua haraka, na unaweza kuyauliza hata kwa simu. Watatu au wanne watakaobaki waite, wape kazi ya mikono. Ninayoipenda mimi haina ujanja wowote: orodha ya namba za simu.

Tengeneza faili la Excel lenye wanachama thelathini wa kubuni. Narudia, wa kubuni, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na majina na namba za wanachama si vitu vya kuwagawia waombaji kazi. Kisha zichafue hizo namba kama zilivyo chafu kwenye mfumo wako. Nyingine zianze na 0, nyingine 255, nyingine +255, nyingine ziwe na nafasi katikati. Nyingine zipoteze sifuri ya mbele, kwa sababu Excel iliziona ni hesabu ikaila. Moja iwe na herufi O mahali pa sifuri. Moja ipungue tarakimu. Seli moja iwe na namba mbili na mkwaju katikati. Halafu weka mume na mke wenye namba moja. Kazi ni hii: programu isome faili, itoe namba zote kwa mtindo mmoja wa 255, na zisizofaa iziorodheshe pembeni.

Mpe saa moja na nusu, laptopu yake aliyoizoea, na intaneti. Ukirudi usiangalie msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, angalia faili. Waliingia thelathini, wametoka wangapi? Ile pungufu iko wapi? Nilimsaili kijana mmoja, programu yake ukiitazama unatamani, imepangwa, ina maelezo kila mahali. Nikaangalia ile namba pungufu, nikakuta imeongezewa sifuri mwishoni ili itimie. Nikamuuliza, hii sifuri imetoka wapi? "Ilikuwa inaleta kosa." Siku hiyohiyo akaingia binti aliyejifunza mwenyewe, hana hata diploma ya kompyuta. Programu yake fupi, haivutii, majina ya vigeu (vile vya kubebea thamani ndani ya programu) ni a na b. Lakini chini ya lile faili la zisizofaa kaandika: "Hawa wawili wana namba moja. Sijafuta, aulizwe mwenye ofisi." Yule binti tunaye mpaka leo, na vigeu bado anaviita a na b, tumechoka kumwambia.

Nyongeza ya dakika mbili: muulize kama programu inaweza kujua mwanachama yuko mtandao gani kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo zinadanganya. Asipojua si dhambi. Wewe mtazame ukishamwambia: anabisha, au anaanza kukumbuka ni wapi aliwahi kuandika hivyo na pataharibika nini.

Halafu kuna jambo ambalo wanabodi hawatalipenda: wakati anaandika, tokeni nje. Msimzunguke watu watano na karatasi za maksi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 wa kompyuta swali la usaili, wengine wakalijibu ubaoni mbele ya msaili, wengine peke yao chumbani. Ufaulu wa waliotazamwa ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliokuwa mbele ya msaili walishindwa wote, waliokuwa peke yao walifaulu wote. Watu ni wachache, lakini mimi niliposoma nilianza kutoka nje nikanywe chai, na sijarudi nyuma.

Na usaili ufanyeni kwa Kiswahili. Huyu mtu atakaa na wewe, atakaa na keshia, siku moja atamweleza yule mwalimu deni lake limetokea wapi. Amweleze kwa lugha gani?

Kuhusu msimbo wenyewe, huwezi kuuhukumu na hakuna haja ya kujifanya. Tafuta programa mmoja unayemwamini, hata mhadhiri wa pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapo Mbeya, mlipeni nusu siku. Yeye awape wale wawili wa mwisho nakala ya mfumo wenu isiyo na data za watu, na tatizo la kweli: deni linazidi, tafuta kwa nini. Si lazima wamalize. Yule mtaalamu atazame wanaanzia wapi. Mwenye kazi yake anatafuta kwanza mkopo mmoja anaoweza kuupiga kwa mkono, anaufuata mpaka aone hesabu inapoachana na karatasi. Akisikika mtu anasema "huu tuuandike upya" kabla hajafungua hata faili la tatu, huyo ni ndugu wa yule wa mwaka jana.

---

Mtu wa Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Mimi huketi upande ule mwingine wa meza, kwa hivyo niongee kwa niaba ya hao arobaini.

Hiyo kazi ya saa moja na nusu iko sawa. Kitu kinatuua huku ni zile kazi za kufanyia nyumbani. Kuna kampuni, siitaji, ilinipa wikendi nzima nijenge mfumo wa kukata tiketi za basi, malipo ya M-Pesa kupitia Daraja (njia ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa) yakiwa ndani, na ripoti. Niliacha kazi ya mteja aliyekuwa ananilipa. Nikatuma Jumatatu asubuhi. Kimya. Nikapiga, wakasema wamepata mtu mwingine. Miezi baadaye rafiki ananitumia picha ya skrini ya kampuni hiyo: ni rangi zangu, na kuna neno nililolikosea tahajia bado limekaa hapo juu vilevile.

Kwa hivyo dada, kazi unayowapa isiwe kitu mnachoweza kutumia kesho. Namba za simu za watu wa kubuni ni sawa kabisa, hakuna mtu ataiba hizo. Wakikuja kutoka mbali walipieni nauli. Na ambaye hakupita mwandikieni, hata mstari mmoja. Mtu huwa anakataa kazi zingine akiwangoja nyinyi.

---

Mhasibu wa Uyole (mleta mada)

Asanteni sana. Kaka Mzee wa Seva, nimelijaribu lile swali la mkopo kwa mpwa wangu anayesoma kompyuta mwaka wa tatu. 216,000, bila kupepesa. Nilipomwonyesha 117,000 akaniambia swali langu halikukamilika. Nikamwambia wateja wetu wote wanakuja na maswali yasiyokamilika.

Mtu wa Umoja, nauli nimeiandika kwenye bajeti, mweka hazina kanuna ila kasaini.

Nina mawili yamebaki. Kwanza, hiyo saa moja na nusu na intaneti, si wote wataiuliza ChatGPT tu? Niwakatie intaneti? Pili, bodi wanataka tangazo liseme lazima awe na digrii. Yule binti wenu asingefika hata mlangoni.

---

Mzee wa Seva

Usikate intaneti. Kazini ataitumia, kwa hiyo mwache aitumie mbele yako. Wewe badilisha kazi akishamaliza. Kaa naye pembeni umwambie: "Nimesahau, wanachama wetu wachache wako Zambia, namba zao zinaanza na 260. Zisitupwe kwenye zisizofaa." Mbeya mko karibu na Tunduma, ombi kama hilo ni la kawaida. Aliyeandika, au aliyeiachia mashine iandike lakini akaisoma, ataweka kidole kwenye mstari wenyewe ndani ya dakika chache. Aliyebandika tu ataanza kupandisha na kushusha skrini kama anatafuta kitu alichoangusha. Utamjua, haihitaji uwe programa.

Na usiwaonee. Mashine nayo ukiipa lile faili bila kuielekeza, inaweza kumfuta mke au mume kwa kudhani ni marudio. Anayeigundua hiyo na kuirekebisha ni mtu wa kuajiri, hata kama msimbo wote kaandikiwa.

Digrii: waambie bodi waandike "digrii au kazi inayoonekana". Yule wa mwaka jana alikuwa na cheti safi, mnakumbuka. Kazi inayoonekana maana yake ni mfumo unaotumika sasa hivi na mtu unayeweza kumpigia. Na ukimpigia mtumiaji wa mfumo huo usimuulize kama kijana ni mzuri, kila mtu atasema mzuri. Muulize: mfumo ulipoharibika mara ya mwisho, alipokea simu? Ilichukua muda gani? Na nywila za seva mnazo nyinyi au anazo yeye? Hilo la mwisho litakuambia mengi, na naomba ujiulize hata wewe, maana huyo wa Dodoma sijasikia ukisema alikabidhi.

---

Mhasibu wa Uyole (mleta mada)

Nywila anazo yeye. Kesho asubuhi nampigia.

---

Kijana wa Sinza

Wakuu nimesoma yote, nakubali nimepigwa. Ila dada, hiyo nafasi bado ipo? Mimi niko tayari kuhamia Mbeya.

---

Mhasibu wa Uyole (mleta mada)

Ipo, mwisho wa kupokea maombi Ijumaa. Tuma wasifu na namba ya mtu mmoja anayetumia kitu ulichotengeneza. Ila mtihani wote umeshausoma hapa, kwa hiyo wako nitautunga upya. Na njoo na sweta.